Mtaro, ukuta na posho: kisa cha vijana wa mtaa mmoja wa bondeni

## Kisa na namna kilivyoandikwa

Kisa hiki kilitokea katika mtaa mmoja wa bondeni jijini Dar es Salaam, kati ya Agosti 2023 na masika ya 2025. Majina ya mtaa, kata, kikundi na shirika lililofadhili yameondolewa, kazi za baadhi ya wahusika zimebadilishwa, na idadi za watu ni za kukadiria, ili mtu asije akatambuliwa na jirani yake. Nilikuwa mwezeshaji tangu semina ya kwanza, kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayosimuliwa ni yangu mwenyewe.

Kinachofanya kisa hiki kistahili kuandikwa ni fumbo moja. Vijana wale wale, wenye umri wa miaka 18 hadi 30 na ushei, walihudhuria semina ya mabadiliko ya tabianchi mwezi Septemba na hawakufanya lolote baada yake. Mwezi Oktoba waliingia mtaroni bila kuitwa na mtu. Mwezi Aprili, mvua zilipokuwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote katika kipindi hicho, walisusa, na kuanzia Juni baadhi yao walirudi na wapo mpaka sasa. Katika miezi hiyo yote ujuzi wao kuhusu hali ya hewa haukupungua, na hofu yao ya mafuriko iliongezeka. Anayetaka kueleza hamasa ya vijana kwa kupima ujuzi na hofu peke yake atakwama akifika Aprili.

## Mtaa na kumbukumbu zake

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Mtaa huu ni mojawapo ya makazi hayo. Umekaa kandokando ya kijito kinachopeleka maji yake katika Mto Msimbazi, ule unaoanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kodi ya chumba huko ni nafuu kwa sababu kila dalali anajua maji hufika wapi. Wapangaji wengi ni vijana: waendesha bodaboda, maseremala, mafundi simu, wauza chipsi, wasusi, na wahitimu wachache wa vyuo ambao bado wanahangaikia ajira.

Mgeni anayeingia mtaani humo na habari za tabianchi hukuta watu wana kumbukumbu zao tayari. Wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, ambayo baada yake familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao. Wanakumbuka tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, na Jumamosi za mwisho wa mwezi zilizofuata, ambazo katika mtaa huu zilikuja kuhusishwa zaidi na mgambo na faini kuliko na usafi wenyewe. Zaidi ya yote wanakumbuka bomoabomoa ya mwisho wa mwaka huo huo na mwanzo wa 2016, nyumba za Bonde la Msimbazi zilipopigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kwa msingi wa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa kijana aliyekuwa na miaka 12 wakati ule, neno mazingira liliingia nyumbani kwao likiwa limeshikana na tingatinga.

Lilikuwapo pia suala la mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wengi wa mtaa huu walikuwa wameshaandikishwa katika vikundi vya namna hiyo, wakachanga fedha za katiba na mihuri, kisha Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hiyo ili kurekebisha utaratibu wake. Tulipofika mwezi Agosti kuwaambia waunde kikundi, tulikuwa watu wa tatu au wa nne kuwaambia hivyo.

## Semina ya Septemba

Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa utabiri wa mvua za vuli kubwa kuliko kawaida, zikiambatana na El Niño. Shirika nililofanya nalo kazi lilikuwa na fungu dogo la uhamasishaji, na tukaamua kulitumia haraka. Tulikodi ukumbi, tukaleta projekta, na vijana wapatao 60 wakaja. Mada zilianza na theluji ya Kilimanjaro, zikapita kwenye gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, na mikutano ya kimataifa, na kumalizikia kwenye wito wa jumla wa kuchukua hatua. Kulikuwa na soda na posho ya nauli.

Maswali yaliyoulizwa yangetosha kutufumbua macho. Mmoja alitaka kujua mikopo itarudi lini. Mwingine aliuliza, kama Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 4 ya gesijoto za dunia, kwa nini mhadhara huu haukupelekwa kwa wanaochangia zaidi. Nilimjibu kwa maneno ya jumla kuhusu wajibu wa kila mtu, jibu ambalo leo naliona kuwa la mtu aliyetaka kumaliza ratiba. Na wapo waliodhani, mpaka saa ya pili ya semina, kwamba mada ilihusu tabia za watu wa nchi hii, yaani maadili. Sikuwacheka. Neno letu la tafsiri, tabianchi, linamwalika msikilizaji kuelewa hivyo, na anayeanza nalo bila kulifungua hana haki ya kumlaumu aliyepotea.

Kikao cha pili, ambacho hakikuwa na posho, kilihudhuriwa na watu 11. Katika ripoti niliandika kwamba vijana wa eneo hilo wana mwamko mdogo. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa kuwa nilichukulia kutokuja kwenye ukumbi wangu kuwa ni kutojali.

## Alama kwenye nguzo

Katikati ya Oktoba mvua ilinyesha kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri. Maji hayakupanda kutoka mtoni, kama ilivyozoeleka. Yaliingia mtaani kutokea juu, kwa sababu kalavati linalopitisha mtaro chini ya barabara ya vumbi lilikuwa limejaa tope, matambara na chupa. Fundi mmoja wa spika alipoteza mali za wateja watano. Pikipiki mbili zililala majini.

Jumapili iliyofuata vijana tisa wa kijiwe kilicho karibu na kalavati hilo waliingia mtaroni na majembe na machepe ya kuazima. Hawakumwomba mtu kibali, na mimi nilipata habari siku tatu baadaye kwa simu ya mwenyekiti wa mtaa. Walipomaliza, mmoja wao alichora mstari kwa rangi ya mafuta kwenye nguzo ya kibanda chao, mahali maji yalipofikia usiku ule, na kuandika tarehe. Wiki mbili baadaye mvua nyingine ilikuja, nzito kama ile ya kwanza kwa maelezo yao, na maji yakaishia shibiri moja na nusu chini ya mstari. Jumapili iliyofuata walikuja watu wapatao 30, wakiwemo vijana wa kijiwe cha ng'ambo ambao kwa kawaida walikutana na hawa kwenye mpira tu, tena kwa shari.

Nilikwenda nikiwa na fomu za usajili na rasimu ya katiba, na wakanikatalia. Maelezo yao yalikuwa kwamba kikundi kilichosajiliwa ni cha mkopo, mkopo umesimamishwa, na mahali penye mwenyekiti na mweka hazina ndipo fedha hupotelea. Kijiwe kilikuwa na utaratibu wake wa zamu, wa michango ya misiba na wa kumaliza ugomvi, na hawakuona haja ya kuuvua ili wavae mwingine. Niliridhia, zaidi kwa kukosa hoja kuliko kwa busara, na uamuzi huo umekuja kuonekana kuwa mmoja wa iliyo bora katika kisa chote.

Walichotaka kwangu kilikuwa cha kushikika: gambuti, glovu, na lori. Lori lilikuwa la lazima kwa sababu tope likiachwa ukingoni hurudi mtaroni kwa mvua ya kwanza, jambo ambalo kila mzoaji analijua na ambalo siku za usafi za kuamriwa hazikuwahi kulishughulikia. Mwenyekiti wa mtaa aliandika barua manispaa, na lori lilifika baada ya wiki mbili. Wakati wa kusubiri, vijana walijaza mchanga na tope kavu kwenye viroba, wakavipanga kwenye milango ya nyumba za chini kabisa, wakianza na za wajane. Hilo la wajane hakuna aliyelipendekeza kikaoni, lakini liliwapa heshima mtaani haraka kuliko mtaro wenyewe.

Mawili mengine waliyoamua wenyewe. Kazi ingefanyika Jumapili baada ya ibada za asubuhi, na kamwe si Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ili mtu asidhani wametumwa. Na msusi mmoja, binti wa miaka 23, angefuatilia taarifa za hali ya hewa na kuzituma katika kundi lao la WhatsApp. Hakuwa akituma utabiri mtupu. Mamlaka inapotoa angalizo au tahadhari, aliambatanisha majina: nani yuko zamu kwenye mdomo wa kalavati la juu, nani la chini, na chepe liko kwa nani.

## Ukuta

Mwezi Novemba kikundi kilifika mahali ambapo kijito kimebanwa na ukuta wa uzio. Mmiliki ni mtu mwenye uwezo, asiyeishi mtaani humo. Ukuta ulikuwa umeingia ndani ya njia ya maji kiasi cha kuibakiza theluthi moja hivi, na nyumba za upande wa pili zilikuwa zikipokea maji yote yaliyozuiwa.

Sijawahi kuwaona vijana wale wakiwa na ari kama wiki hiyo. Watu ambao hawakuwahi kushika chepe walikuja. Tope halikuwa na wa kulaumiwa, lakini ukuta ulikuwa na mwenyewe, na lile swali la semina kuhusu asilimia 4 lilirudi likiwa na sura ya jirani: kwa nini anayesababisha asiguswe na anayeumia aambiwe achukue hatua? Wengi walitaka kuuvunja usiku. Kikao kilichukua karibu saa tatu, na waliozuia uvunjaji hawakuwa mimi wala mwenyekiti, bali waendesha bodaboda wawili waliowahi kulala mahabusu na waliojua gharama ya usiku mmoja tu wa namna hiyo kwa mtu anayelipa hesabu ya pikipiki kila siku.

Iliamuliwa iandikwe barua. Mhitimu mmoja wa sheria alileta rasimu iliyojengwa juu ya kifungu cha mita 60, na ilikuwa rasimu nzuri. Alipoisoma kwa sauti, seremala mmoja aliondoka kimya, akahesabu hatua kutoka ukingo wa kijito hadi mlango wa chumba chake, akarudi na kusema ni 22. Kila aliyekuwepo alielewa. Sheria ambayo ingembana mwenye ukuta ingewafukuza wao kwanza, na safari hii wangekuwa wameiita kwa mkono wao wenyewe. Nusu ya waliokuja kwa ajili ya ukuta hawakuonekana tena.

Barua iliandikwa upya bila kutaja umbali. Iliomba njia ya maji ifunguliwe, ikaambatanishwa na picha za mvua tatu na ramani iliyochapishwa kutokana na kazi ya Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 ambao uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko jijini. Iliwekwa saini na mwenyekiti wa mtaa peke yake. Mwezi Desemba mmiliki aliweka makalavati mawili ya zege chini ya ukuta wake. Ni membamba, na huziba kwa chupa kila mvua kubwa, lakini maji yanapita.

## Posho

Januari 2024 sifa za kikundi zilifika kwa mfadhili aliyekuwa na mpango wa ajira za muda kwa vijana. Alitoa fedha za miezi mitatu: watu 25, siku tatu kwa wiki, Sh10,000 kwa siku. Nilishauri zikubaliwe. Sababu zangu zilikuwa kwamba vijana hawa hawana akiba, kwamba Jumapili moja mtaroni ni Jumapili bila kipato, na kwamba si haki sisi wenye mishahara kuwasifu wao kwa kujitolea. Naziona bado kuwa sababu za haki. Nilichokosea ni namna.

Orodha ya watu 25 ndiyo iliyoanza kuharibu. Waliokuwa wakija wakati huo walikuwa karibu 40, na waliobaki nje hawakuona kwa nini waendelee kufanya bure kazi ambayo mwenzao analipwa. Siku za kazi zilihamia katikati ya wiki ili ziendane na ratiba ya ofisi ya mfadhili, hivyo waendesha bodaboda wakawa wa kwanza kujitoa, na hao ndio walioujua mtaro. Zikaja fulana zenye nembo, na picha zikapigwa kabla ya kazi na baada yake. Tope lilitolewa kwa kasi zaidi kuliko hapo awali, lazima nikiri, na Februari mtaro ulikuwa safi kuliko nilivyowahi kuuona.

Fedha ziliisha mwisho wa Machi, masika yakiwa yameanza. Jumapili ya kwanza ya Aprili walikuja watu wanne. Mvua za mwezi huo zilikuwa mbaya nchi nzima. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa. Katika mtaa huu hakufa mtu, lakini maji yaliupita mstari wa nguzo kwa zaidi ya shibiri mbili, na kalavati la juu liliziba usiku ambao hakuna aliyekuwa zamu, kwa sababu orodha za zamu zilikuwa zimekufa tangu Januari. Yule msusi aliendelea kutuma tahadhari, ila hakuwa na jina la kuambatanisha.

Nilipouliza, hakuna aliyeniambia kwamba amechoka au kwamba haamini tena. Waliniambia waitwe waliolipwa. Mzee mmoja alinikumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi, nami nikamjibu kwamba Oktoba ulilambwa, akasema Oktoba hapakuwa na mkono wa mtu pale.

## Kurudi

Mwezi Juni kikao kiliitishwa na kijiwe chenyewe, na nilialikwa kama msikilizaji. Makubaliano yalikuwa matatu. Hakuna kulipwa kwa siku, hata fedha zikija. Atakayefanya kazi atakula: mama lishe wa jirani atapika wali na maharage, na gharama italipwa na mauzo ya chupa za plastiki zinazotolewa mtaroni, ambazo wanunuzi huzipima kwa kilo. Na daftari la zamu litakaa kwa msusi.

Jambo lililonishangaza lilitoka kwa wanawake vijana, ambao mpaka hapo kikundi kiliwahesabu kama wasaidizi. Kijiwe ni mahali pa wanaume, na sisi waandaaji, kwa kukipenda kijiwe, tulikuwa tumewaacha nje bila kutambua. Kero yao kubwa haikuwa kalavati. Ilikuwa kutapisha vyoo: baadhi ya kaya husubiri mvua kubwa na kufungulia mashimo ya vyoo yamwagikie kijitoni, na wanaofua, wanaodeki na wanaouguza watoto baada ya hapo ni wao. Walikuwa na kikundi chao cha kuweka na kukopa, na tayari walikuwa wamekubaliana kwamba mwanachama ambaye kaya yake inatapisha hatakopeshwa msimu huo. Walikuwa wamefanya hivyo bila semina wala mtu wa kuwaandikia ripoti.

Mikopo ya halmashauri ilirejeshwa mwaka huo wa 2024. Vijana sita walisajili kikundi chao wakiwa mbali na kijiwe, wakaomba fedha za kununua guta la kuzolea taka, na walipata.

## Hali ilivyo

Masika ya 2025 yaliwakuta watu kati ya 15 na 20 wanaofika kwa zamu. Mstari wa nguzo haukufikiwa, ingawa mvua zilikuwa ndogo kuliko za mwaka uliotangulia na hivyo sidai kwamba mtaro ndio uliosaidia. Guta linafanya kazi, ila wenye nalo hulalamika kwamba kaya nyingi hazilipi ada. Kaya zinazotapisha vyoo zimepungua kwa ushahidi wa wanawake wenyewe. Ukuta upo.

## Uchambuzi

Wapo watakaosema kwamba huu ni usafi wa mazingira na si hatua dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito. Kuzibua mtaro hakupunguzi gesijoto hata chembe. Lakini mvua kubwa zinazokuja kwa vishindo ndilo umbo ambalo tabianchi huwafikia nalo watu wa bondeni, na kuhimili ni nusu ya kazi hiyo popote duniani. Kosa la semina yetu lilikuwa kuanza na ile nusu ambayo vijana hawa hawana mkono ndani yake, kisha kuwashangaa walipokaa kimya.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Planetary Health uliwahoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi kumi, na asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa sana kuhusu tabianchi. Nchi pekee ya Afrika iliyokuwamo ni Nigeria. Sina shaka kwamba wasiwasi upo pia Dar es Salaam, lakini katika kisa hiki haukuwa injini. Ulikuwapo kabla ya Oktoba, ukawapo Aprili, na siku zote mbili haukumtoa mtu kitandani. Kilichowatoa Oktoba kilikuwa hasara ya jana yenye chanzo kinachoonekana, umbali wa hatua chache, na kinachoweza kuondolewa na watu tisa kwa siku moja.

Mwaka 2008 wanasaikolojia Martijn van Zomeren, Tom Postmes na Russell Spears walijumlisha tafiti nyingi kuhusu yanayowafanya watu waungane kuchukua hatua, wakabakiwa na mambo matatu: kuona kwamba mmedhulumiwa, kuamini kwamba pamoja mnaweza, na kujihesabu kuwa kundi moja. Yote matatu yamo humu, ila hayakuja pamoja wala kwa nguvu sawa. Kijiwe kilileta kundi. Mstari wa nguzo ulileta imani, na naona ndicho kifaa kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote kwa gharama ndogo kuliko vyote, kwa sababu ulimwonyesha kila mpita njia tofauti kati ya mvua mbili. Vipimo vyetu vya mradi vilihesabu waliohudhuria, na mstari wao ulihesabu maji.

Dhuluma ndiyo iliyokusanya watu wengi kwa haraka zaidi, na ndiyo iliyowapoteza kwa haraka zaidi. Hasira juu ya ukuta ilikuwa halali, lakini kijana anayeishi hatua 22 kutoka ukingoni hawezi kuitumia sheria ya mazingira kama anavyoitumia mtu mwenye hati ya kiwanja. Waandishi wengi wa mambo ya hamasa hudhani kwamba anayeogopa kudai anakosa ujasiri au elimu ya uraia. Hapa waliogopa kwa sababu waliisoma sheria vizuri. Ningekuwa na nafasi ya kurudia, ningewatafutia ushauri wa sheria ya ardhi kabla ya kikao cha barua, na nisingemwachia mhitimu mmoja mzigo huo.

Kuhusu posho, siafiki hitimisho rahisi kwamba fedha huua moyo. Wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walionyesha mwaka 2000 kwamba vituo vya kulelea watoto vilivyoanza kuwatoza faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto wao viliona uchelewaji ukiongezeka, na faini ilipoondolewa uchelewaji haukupungua: deni la heshima lilikuwa limegeuka bei. Kitu kama hicho kilitokea Aprili, lakini chakula cha Juni nacho ni fedha, na hakikuleta madhara hayo. Tofauti ninayoiona ni kwamba sahani ya wali hufidia gharama ya aliyekuja, yeyote yule, na imetoka katika mtaro ule ule. Sh10,000 zilitoka nje, zilichagua majina, na zilikuja na siku zake. Laiti fedha hizo zingenunua gambuti, mafuta ya lori na chakula cha mwaka mzima, huenda ningekuwa naandika kisa kingine.

Kushindwa kukubwa zaidi, kwa maoni yangu, si kwa Aprili. Ni kule kuwakuta wanawake vijana wakiwa na mpango unaofanya kazi na kuchukua miezi tisa kuutambua, kwa kuwa haukuwa na chepe wala haukuitwa tabianchi. Wao walikuwa na adhabu inayouma, inayotekelezwa na watu wanaojuana, kwa tatizo walilolichagua wenyewe. Mwezi Machi 2025 vikao vya zamu vilihamishwa kutoka kijiweni usiku hadi barazani kwa mama lishe saa kumi jioni, na waliopendekeza mabadiliko hayo ni wao.